Landrover 109 ya mwaka 1970: kuinunua, kuifufua na kuiendesha hadi Samunge

MLETA UZI (Arusha)

Wakuu, salaam nyingi.

Kila baada ya wiki chache huletwa hapa swali lile lile: mtu amepita kijijini, ameona Landrover kuukuu imesimama chini ya mwembe, mwenyewe yuko tayari kuiuza, naye anauliza kama ainunue au aachane nayo. Majibu huwa ya namna mbili. Wapo wanaosema inunue ukafugie kuku, na wapo wanaosifia chuma cha Mwingereza kana kwamba hakinywi petroli. Mimi niliinunua. Kuku niliwakuta tayari wamo ndani, wakitaga kwenye benchi la nyuma, na mwaka jana niliiendesha kutoka Arusha hadi Samunge, kijiji cha huko Loliondo, na kurudi. Nimeona nieleze yote, pamoja na sehemu zinazonitia aibu.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga asisubiri: anayenunua Landrover ya zamani ananunua vitu viwili tu, chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari zima) na kadi ya usajili. Injini, giaboksi, difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu), milango na viti ni vitu vya kutafuta gereji kwa gereji, na katika nchi hii bado vinapatikana. Chesisi iliyooza na kadi yenye utata havina spea.

Sababu ya kuisema chesisi iko kwenye historia ya gari lenyewe. Jeshi la Marekani lilipohitaji gari dogo ambalo magurudumu yake yote manne hupokea nguvu ya injini, kampuni ya Bantam ya mji wa Butler, Pennsylvania, ndiyo iliyotoa mfano wa kwanza mwaka 1940, lakini kazi ya kuyaunda kwa wingi ikaenda kwa Willys-Overland na Ford, ambao hadi vita inakwisha mwaka 1945 walikuwa wameunda zaidi ya magari laki sita. Hiyo ndiyo Jeep ambayo babu zetu waliokwenda Burma na Keya (King's African Rifles) waliiona kwa macho yao. (Tuliache jina kama lilivyo, maana tukilitohoa tunapata jipu, ingawa nimewahi kuona Jeep moja mjini ambayo jina hilo lingeifaa.) Baada ya vita, Maurice Wilks, mhandisi wa Rover, alikuwa akitumia Jeep ya Willys katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales, akaona kwamba kampuni yake inaweza kuwaundia wakulima gari la namna hiyo. Gari la majaribio la mwaka 1947 lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 Landrover ikaonyeshwa Amsterdam. Wakati ule chuma kilitolewa kwa mgawo nchini Uingereza, lakini aluminiamu ilikuwepo, basi bodi ikafanywa ya aloi ya aluminiamu na chesisi ikabaki ya chuma.

Hapo ndipo mnunuzi wa leo anapodanganyika. Bodi haishiki kutu, ikipigwa rangi inang'aa, ilhali chini yake chesisi imekuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Chesisi hiyo ni mabati manne yaliyochomelewa pamoja yakawa bomba la pembe nne, kwa hiyo tope na maji vikiingia havitoki, na kutu huanzia ndani. Macho pekee hayatakusaidia. Tandika gunia, lala chini, chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia mbele hadi nyuma, na usikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boga. Gonga hasa mti wa nyuma kabisa unaobeba ndoano ya kuvutia, mahali springi zinaposhikwa, na mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Ukikuta chini pote pamepakwa lami mbichi wiki moja kabla ya wewe kufika, jiulize ni nani hupaka lami gari analoliuza bila kuliwasha.

Gari langu ni la toleo la Series IIA, lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na ndipo lilipo jina lake. Nilikisia umri wake kabla ya kuiona kadi. Taa kubwa ziko kwenye mabega ya mbele, na zilihamishiwa huko kutoka kwenye grili mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini mita ziko katikati ya dashibodi, na Series III iliyoanza mwaka 1971 ndiyo iliyozisogeza mbele ya dereva. Kadi ilisema 1970. Namba ya chesisi niliisoma mwenyewe kwenye chuma, karibu na kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia, baada ya kukwangua tope na rangi kwa brashi ya waya. Kibati cha ndani ya gari usikiamini peke yake, kwani kinashikwa na ripiti tu na kinaweza kutoka gari hili kwenda lile kwa dakika tano.

Kadi nayo ilikuwa na jambo lake. Jina lililoandikwa ni la marehemu, mkulima wa upande wa Mbulu, na aliyekuwa akiniuzia ni mjane wake. Mama huyo alikuwa mwaminifu kabisa, na watoto wake wote walikubali. Hata hivyo mjane si mmiliki wa gari mpaka mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe na mahakama, na mimi nisingeweza kubadilisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa karatasi iliyosainiwa na mtu asiye msimamizi. Nilitoa kishika uchumba kidogo mbele ya mtendaji wa kijiji, nikasubiri miezi minne, ndipo tukaandikishana kwa wakili. Rafiki zangu waliniona mzembe. Mmoja wao alinunua pikapu kwa haraka mwaka huo huo kutoka kwa kaka wa marehemu, na hadi leo analipaki nyuma ya nyumba kwa kuogopa trafiki.

Bei iliyotajwa kwanza ilikuwa milioni 12. Tuliishia milioni nane na nusu, kuku wakabaki kwa mama.

MLETA UZI (anaendelea)

Kufufua sitaeleza kwa urefu, kwa sababu fundi wangu ndiye aliyefanya kazi na mimi nilishika tochi. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa imekamata. Tulimimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi kwenye matundu ya plagi, tukaiacha wiki nzima, kisha tukaizungusha kwa hendeli ya mbele kwa upole, robo kwa robo, hadi ilipokubali. Tangi tulilifungua, tukatia kokoto na sabuni, tukalitingisha kama wapiga manyanga. Vali zote zilirudishwa kwenye nafasi ya sehemu kumi kwa elfu ya inchi. Breki tulibadilisha zote, masta silinda hadi mipira ya magurudumuni. Pesa nyingi haikwenda kwenye injini kama nilivyodhani. Ilikwenda kwenye breki na matairi.

Safari sasa. Tulikuwa watatu, mimi, fundi na shemeji yangu. Lami ilitufikisha Mto wa Mbu kupitia Makuyuni, kwa mwendo wa 70, na yeyote aliyetupita alitupungia mkono, jambo ambalo halijawahi kunitokea nikiendesha gari langu la kila siku. Hapo tukajaza tangi na madumu mawili ya lita 20, kwa sababu gari hili hutembea kilomita tano hadi sita kwa lita, tangi lake lililo chini ya kiti cha mbele hubeba kama lita 45, na kuelekea kaskazini mafuta ya uhakika ni ya kubeba mwenyewe.

Kutoka Mto wa Mbu barabara huambaa na ukuta wa Bonde la Ufa. Tulisimama Engaruka kuangalia mabaki ya mifereji na matuta ya mawe ya wakulima walioishi pale karne kadhaa kabla ya Wajerumani kufika, kazi ya mikono ambayo hata fundi wangu, mtu asiyesifia kitu, aliitazama muda mrefu bila kusema. Mbele yake ni vumbi jeusi, mbuyu mmoja mmoja, na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao lava yake ni ya kaboneti ya sodiamu, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya siku chache. Ninautaja kwa sababu majivu yake ni mazuri kwa mpiga picha na mabaya kwa kisafisha hewa cha injini. Kwa bahati kisafisha hewa cha Landrover hii ni bakuli la oili. Unamwaga oili yenye tope, unafuta, unatia nyingine, unaondoka.

Karibu na Ngaresero, saa nane mchana, injini ikazimika. Haikukohoa wala kugonga, ilinyamaza tu. Nilifikiri ni plagi, fundi akacheka. Petroli ilikuwa imechemka ndani ya bomba lake kwa joto la eneo la Ziwa Natron, ikawa mvuke, na pampu haivuti mvuke. Tiba yake ni kitambaa kilicholowa maji, kuzungushiwa pampu na bomba, kisha subira. Shemeji alitoa kikoi chake kipya kwa moyo mzito. Dakika ishirini baadaye tuliondoka, na kikoi kikabaki kimefungwa pale hadi jioni, tukikilowesha kila tulipoona maji.

Siku ya pili tuliukwea ukuta wa bonde kuelekea eneo la Sonjo, kiliko kijiji cha Samunge. Landrover za aina hii zina vijiti viwili vya ziada pembeni ya gia, chenye kirungu cha njano cha kuunganisha ekseli ya mbele na chekundu cha kuingiza gia nzito. Tulivuta chekundu, tukaingiza gia ya pili, nikaondoa mguu kwenye klachi, gari likapanda lenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Juu tulisimama kuangalia Ziwa Natron lilivyo jekundu, ziwa ambalo heroe wadogo wa Afrika Mashariki hulitegemea kwa kuzaliana.

Aibu yangu ilikuja baada ya hapo, kwenye korongo la mchanga. Niliingia bila mwendo, nikakwama, nikafanya kile ambacho kila mtu humwambia mwenzake asifanye: nikakanyaga mafuta na kuachia klachi ghafla. Ulisikika mlio mmoja, kisha injini ikavuma na gari likabaki palepale. Hafu shafti ya nyuma, yaani chuma kinachopeleka nguvu kutoka difu hadi gurudumu, imekatika.

Uzuri wa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne ni kwamba ekseli moja ikifa, nyingine ipo. Tulichimba mchanga, tukabonyeza kirungu cha njano, na Landrover ikatoka kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Spea nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeinunua Arusha na kuifunga kwa gunia kwa fahari kubwa. Tatizo ni kwamba difu ya nyuma haiko katikati ya ekseli, kwa hiyo shafti za kulia na kushoto hazina urefu sawa. Mimi nilibeba ndefu. Iliyokatika ni fupi.

Tuliingia Samunge tukivutwa na pua. Wengi mnakijua kijiji hiki kwa jina la Loliondo, tangu mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alipokuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Dereva mmoja wa makamo, ambaye miezi ile alikuwa akipeleka wagonjwa usiku na mchana, alinipeleka nyuma ya nyumba yake kulikolala mzoga wa 109 nyingine, akaniambia nichague. Tulitoa shafti fupi kwa kufungua bolti sita tu. Kilichotuchukua saa tatu ni kukitoa kipande kilichobaki ndani ya difu, kwa waya na sumaku ya spika ya redio.

MCHANGIAJI (Moshi)

Shikamoo mleta uzi. Nimesoma yote kwa furaha, lakini hapo kwenye chesisi na kadi ninapinga nusu. Kilomita tano kwa lita kwa bei ya sasa ya petroli si jambo la kupita kimya. Mimi yangu, pia 109, nilitoa injini ya petroli nikaweka Tdi ya dizeli, na sasa natembea karibu mara mbili ya umbali ule kwa lita. Mnunuzi mpya aambiwe ukweli kwamba injini ndiyo itakayomfilisi.

MLETA UZI

Marahaba. Hoja yako naikubali, lakini tazama ulichokifanya: umebadilisha injini. Ungeweza kubadilisha chesisi kwa urahisi ule ule? Nakuomba tu uwaeleze wanaosoma kama namba ya injini mpya umeipeleka TRA ikaingia kwenye kadi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama siku ya kuuza.

Kwa upande wangu ninabaki na petroli kwa sababu gari hili halinipeleki kazini. Injini ile ina mgandamizo mdogo, haichagui mafuta, na kila kitu ndani yake kinaonekana kwa macho.

MCHANGIAJI (Moshi)

Nilipeleka, na ilinichukua siku mbili. Nilikwenda na mkataba wa kununulia injini.

FUNDI MSTAAFU (Morogoro)

Vijana, nimekaa na gari hizi tangu nikiwa tanboi. Mleta uzi amesema vyema kuhusu chesisi, ila amesahau ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Bodi yote ni aluminiamu lakini ukuta huo ni chuma, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu kukiwa na unyevu, vyote viwili hulana. Inua zulia, tazama pembe za chini karibu na milango. Mlango unaogoma kufunga sawasawa mara nyingi si bawaba, ni ukuta umelegea.

La pili ni umeme. Landrover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 zilifungwa waya chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa. Nimeona alteneta mpya zikiunguzwa siku ya kwanza kwa kutojua hilo. Tazama nyaya kwanza.

Na hafu shafti, mwanangu, usiisingizie klachi. Shafti ile haikukatika siku hiyo. Ilianza kupasuka miaka mingi kabla yako, wewe ulimalizia tu. Aliyevunja moja abadilishe zote mbili.

MLETA UZI

Shikamoo fundi. Zote mbili nimeshabadilisha, na ile ndefu hatimaye imepata kazi.

MCHANGIAJI (Nanyuki)

Hamjambo ndugu. Huku kwetu Kenya gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingizwa kutoka nje kama gari la kawaida, kwa hiyo anayetaka 109 lazima aitafute nchini, na bahati nzuri ziko, kwa kuwa Landrover ziliwahi kuunganishwa Thika. Ukipanda Maralal utaziona bado zinabeba watu, mbuzi na magunia bila mtu kuziita za zamani. Ninaloongeza ni kwamba zile za kazi zimebebeshwa kupita kiasi, kwa hiyo pima kama chesisi imepinda: vuta kamba kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikitofautiana, chesisi imepinda, na huenda gari liliwahi pia kuanguka au kugongwa.

MCHANGIAJI (Muscat)

Assalamu alaikum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Oman, na nina Jeep CJ-7 ya mwaka 1982 yenye injini ya silinda sita ya lita 4.2. Huku ndani, mbali na pwani, kutu si adui mkubwa. Adui ni jua. Niliponunua yangu, chesisi ilikuwa safi kama sahani, lakini kila kitu cha mpira kilikuwa biskuti: mabomba ya rejeta, mipira ya breki, bushi, hata matairi yenye kashata nzima. Siku ya kwanza mchangani, Sharqiya, bomba la chini la rejeta lilipasuka kilomita chache tu baada ya lami. Kwa hiyo kanuni ya mleta uzi ni ya nchi ya mvua. Anayenunua gari kutoka jangwani abadilishe mpira wote kabla ya kuwasha, na mchangani apunguze upepo wa matairi hadi karibu nusu kabla hajakwama, si baada.

MLETA UZI

Wa alaikumu salaam. Hilo la upepo ningelijua, shafti yangu ingekuwa nzima.

MCHANGIAJI MPYA (Singida)

Shikamooni nyote. Jumamosi hii naenda kuangalia 109 ya Series III kwa mzee mmoja, imelala miaka sita. Nina milioni tisa tu. Nibebe nini, na nimwambie fundi wangu aanzie wapi?

FUNDI MSTAAFU (Morogoro)

Marahaba. Hizo milioni tisa usizipeleke zote kwenye kununua. Zaidi ya sita usitoe, zilizobaki ni breki na matairi. Beba gunia la kulalia, tochi, brashi ya waya, kamba ya mita sita na nyundo isiyozidi nusu kilo. Nyundo kubwa itatoboa hata chesisi nzima na mzee atakudai. Injini msiiwashe. Mwombe mzee akuonyeshe kadi kabla ya chai, maana baada ya chai utaona haya kuiomba.

MCHANGIAJI MPYA (Singida)

Nashukuru sana mzee wangu. Jumapili nitaleta picha za chini, si za rangi.